Nyaya Nne za Mzee Gramu

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na minne, na kazi hiyo ilimwingia mwilini ikakataa kutoka. Wauza nyama na wauza sukari wa mji mzima walikuwa wakimwona tu anakunja kona na sanduku lake la mawe ya shaba, mizani zao zinatubu zenyewe. Ni wao waliompa jina la Mzee Gramu. Alipostaafu, sanduku alilirudisha ofisini lakini jina akabaki nalo, na sisi watoto tukaendelea kuishi chini ya utawala wa gramu. Keki nyumbani ilikatwa kwa rula. Nikilalamika kwamba kipande cha mwenzangu ni kikubwa kuliko changu, baba hakuniambia ninyamaze. Alikwenda kuleta mizani, na mara zote mbili nilizowahi kulalamika nilipunguziwa.

Mimi naitwa Kelele. Kwenye vyeti nina jina jingine, la heshima, lakini nikiitwa hilo nadhani anaitwa mtu wa nyuma yangu. Tulizaliwa wanne. Kaka ndiye kifungua mimba, tukafuata sisi mapacha wa kike, mimi Kelele na mwenzangu Kimya, kisha akaja Kitinda, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu ni kitinda mimba na kwa sababu wakati huo wote tulikuwa tumechoka kubuni majina. Kati ya sisi mapacha, mkubwa alikuwa mimi. Jambo hilo halikuwa na mjadala. Mimi ndiye niliyeoga kwanza, niliyechagua kitanda cha dirishani, na niliyemtuma Kimya dukani tangu tuna miaka mitano mpaka tukafika thelathini na moja. Mama alikuwa akinisikia najiita dada mkubwa, anaguna kidogo, halafu anaendelea na shughuli zake. Mguno ule niliudhani wa tumbo.

Sasa gari. Gari la baba lilikuwa limetembea kilomita laki nne na elfu kumi na mbili, na rangi yake ilikuwa ya buluu kwa wale walioliona zamani. Mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa kupigwa kofi mahali maalumu. Lakini kila Jumamosi saa sita mchana lilimpandisha mama kilimani kwenda kumwona mdogo wake, mama mdogo wetu, na hapo ndipo ulipokuwa umuhimu wake wote. Nyumbani wazazi wangu hawakuwa watu wa mazungumzo. Mama yuko jikoni, baba yuko na redio, wanaulizana chumvi iko wapi na nani amefunga dirisha. Ndani ya gari waligeuka watu wengine. Majirani walikuwa wakiniambia wamewaona barabarani wanacheka mpaka mama anashika mbavu, nami nikadhani wananisimulia habari za wazazi wa mtu mwingine.

Basi injini ikaanza kumisi, kama wanavyosema mafundi, maana yake silinda mojawapo inagoma na wenzake wanaburuta mzigo wake. Kwenye tambarare gari lilikohoa. Kwenye mlima lililia kwa kwikwi. Jumamosi moja likazima katikati ya kilima, mama ndani na gauni lake la kutokea, nyuma foleni ya magari inapiga honi, mpaka wanaume wanne wasiojulikana wakashuka kulisukuma pembeni.

Kaka ni msimamizi wa ghala, na huwa anaongea kana kwamba kuna mtu anaandika muhtasari. Akaitisha kikao. Akasema tatizo si gari peke yake. Mwezi ule baba aliitafuta miwani nusu saa ikiwa juu ya kichwa chake. Aliipita njia ya kuingilia nyumbani kwake mwenyewe akaenda mpaka kwenye mzunguko. Alitia chumvi kwenye chai, na kwa aibu akainywa yote. Kwa hiyo, alisema Kaka, gari liende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu Jumamosi ijayo, na ufunguo akabidhiwe yeye. Alisema baba amechoka. Alilisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionikera, kwa sababu baba alikuwa amekaa palepale akisikiliza.

Nilimtazama baba nikajua hapa hakiongelewi chuma. Mtu wa miaka sabini na moja akishatoa ufunguo wa gari, kesho ataambiwa asipande ngazi, keshokutwa asiwashe jiko, na mwisho atawekwa kwenye kiti na kuulizwa kama anasikia baridi. Yeye naye alijua. Akatoa masharti yake. Jumamosi ileile atazibadilisha plagi za injini mwenyewe, pale pale uwanjani. Saa sita atampandisha mama kilimani na kurudi, kuwaonyesha. Gari likikohoa njiani hata mara moja, ufunguo ni wa Kaka na gari ni la vyuma chakavu. Nilipendekeza aite fundi. Akasema fundi akilitengeneza, Kaka atamsifu fundi.

Kazi ya kununua plagi nilipewa mimi, kwa sababu nilijitolea kwa sauti. Ijumaa nikitoka kazini nikapita duka la vifaa vya umeme, nikaomba plagi nne nzuri za kudumu. Muuzaji akaniuliza za miguu miwili au mitatu, nami nikasema mitatu, nikiamini baba anastahili. Nilizileta nyumbani nimezifunga kwenye gazeti. Baba alifungua, akazipanga mezani, akazitazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea kukamata wezi.

"Mwanangu," akasema, "hili gari nikilichomeka ukutani, waya utafika kilimani?"

Nikarudi mbio na karatasi yenye maelezo aliyoandika yeye, namba ya injini na kila kitu, nikawahi duka la vipuri linafungwa.

Jumamosi asubuhi alitandika mkeka mbele ya gari na kuvipanga vifaa kwa urefu. Spana ndogo, spana kubwa, soketi ndefu ya plagi yenye mpira ndani, brashi, kitambaa, na geji yake ya visahani vyembamba ya kupimia nafasi. Boneti ikainuliwa na kuegemezwa fimbo. Injini ilikuwa baridi, na hilo alilihakikisha kwa kuigusa kila baada ya nusu saa tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa na kufunga mdomo, na kimoja kati ya hivyo nilikiweza.

Kitabu cha gari kinasema uchomoe waya mmoja, ubadilishe plagi yake, uurudishe, ndipo uende kwa wa pili. Nilimsomea. Baba akasema huo ni ushauri wa watu wenye haraka. Yeye alitaka kuzichomoa nyaya zote nne kwa pamoja, asafishe uso wote wa injini kwa brashi vumbi lisidondokee ndani ya silinda, halafu afanye kazi mahali safi. Ili asizichanganye atafunga kila waya kikaratasi chenye alama. Nikamwambia basi aandike moja, mbili, tatu, nne. Akatikisa kichwa.

"Namba mtu anaweza kusahau," akasema. "Watoto wangu siwezi kusahau mpangilio wao."

Nikaona aibu kuendelea kubisha, maana nilijua anamjibu nani. Akaanza kuandika herufi za kwanza za majina yetu. Aliandika K, akaandika K, akaandika K, alipofika ya nne akasita, akavitazama vile vikaratasi vinne, akavichana. Safari hii aliandika majina kamili. Kuanzia upande wa mkanda wa feni akafunga Kaka, Kelele, Kimya, Kitinda. Nilifurahi kujiona wa pili, nafasi yangu ya haki, hata nikajipangusia waya.

Plagi tatu zilitoka bila ubishi. Zilikuwa nyeusi kwa masizi na ncha zake zimelika mviringo. Alinionyesha moja moja, akiniambia hizi zimeuza kilo pungufu miaka mingi. Ya nne, kule mwisho karibu na ukuta wa injini, iligoma. Baba aliivuta, akaibembeleza, akaitia mafuta ya kulainisha kutu, akaketi kuisubiri dakika ishirini kwa saa. Nilitaka kumsaidia kwa kuining'inia spana. Akaniambia uzi wa skrubu ya plagi ukikatika mle ndani, tutakuwa tumemfanyia Kaka kazi yake. Dakika ya ishirini ilipotimia akainama tena, akatia nguvu kidogo kidogo, ikalia mlio mmoja mbaya na kuachia. Nilipiga kigelegele. Baba alifuta jasho akasema tusishangilie plagi.

Mpya nazo hakuziamini. Kitabu kinataka nafasi ya sehemu nane za kumi za milimita kati ya ncha na ncha, na duka linasema zimeshapimwa kiwandani. Mwambie Mzee Gramu kitu kimepimwa na mtu mwingine uone. Alipitisha kile kisahani kwenye kila plagi, akapata moja imezidi unywele, akaigonga taratibu kwenye kipini cha spana mpaka ikakubali. Kisha akaziingiza kwa vidole kwanza, akizungusha polepole ili uzi usipande uzi, na mwisho akazikaza kwa spana nusu mzunguko tu. Ilikuwa kazi safi. Nilimtazama mikono yake haitetemeki hata kidogo, nikasema moyoni kwamba Kaka angekuwepo aone.

Kaka akafika kweli, saa tano na nusu, na nyuma yake lori la mnunuzi wa vyuma chakavu. Wakati huohuo mgongo wa baba ukamkamata. Alikuwa ameinama saa mbili na nusu, na alipotaka kunyooka mwili ukabaki umekunjika kama kisu cha mfukoni. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikakimbilia kufungua geti. Kwa hiyo lililofuata sikuliona. Mama alikuwa ametoka nje na gauni lake la Jumamosi, tayari kwa safari, na baba akamwomba azichomeke zile nyaya, kwa kuwa plagi ziko tayari na yeye hawezi kuinama tena. Alimwambia aanzie upande wa mkanda. Alimwambia azipange kama watoto walivyozaliwa. Mama akazichomeka zote nne, akasukuma kila moja mpaka ikalia tik, akapangusa mikono.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa mtu mnene mwenye adabu. Alipewa kiti, akapewa chai, akalitazama gari kwa macho ya mpishi anayetazama kuku aliye hai. Kaka alisimama kando na mikono nyuma. Baba akaamka kwa kujikongoja, akaingia garini, akageuza ufunguo.

Injini iliwaka, tuseme hivyo. Iliwaka kwa hasira. Gari zima lilitetemeka mpaka fimbo ya boneti ikadondoka na boneti ikajifunga yenyewe, ukafuata mshindo kwenye bomba la moshi, paa, na wingu jeusi likavuka ukuta kwenda kutua kwenye shuka jeupe la jirani aliyekuwa ndio kwanza amelianika. Jirani alisema neno ambalo sikujua analifahamu. Baba akazima. Akawasha tena. Paa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alijimwagia chai, akasema kwa heshima kwamba yeye hupendelea yawe yamekufa kabisa.

Baba akashuka, akafungua boneti, akaanza upya. Alizigusa plagi kama zimekaza. Alisoma kitabu. Alizitazama nyaya, na kila moja ilikuwa imechomekwa mpaka mwisho; majina hakuyasoma, maana yeye ndiye aliyeyaandika. Alikagua mara ya pili, akakagua ya tatu, na kila alipomaliza uso wake ulizidi kusinyaa. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa baba yangu. Alisimama mbele ya injini na mikono imening'inia, haijui ishike nini. Nilitamani kulia, na kwa kuwa mimi ni Kelele, nilianza.

"Labda kuna kitu nimesahau," akasema.

Alilisema neno lenyewe. Kaka alinyoosha mkono, kiganja juu. Baba akachomoa ufunguo kwenye gari, akautazama, akaanza kumwendea.

"Baba watoto, ngoja," mama akasema. "Nyaya nimechomeka mimi."

Kaka akasema kwa upole wake uleule kwamba mama asimfichie baba, hilo halimsaidii. Mama akamjibu kwamba hajawahi kumficha mtu katika maisha yake isipokuwa mara moja. Mimi, machozi yananitoka, nikaingiza kichwa chini ya boneti kuonyesha kwamba mama yangu hawezi kukosea kitu kidogo hivyo. Nikasoma vikaratasi kwa sauti kuanzia upande wa mkanda. Kaka. Kimya. Kelele. Kitinda.

"Mama," nikasema, "umenitangulizia Kimya."

"Sijamtanguliza mimi. Alitangulia mwenyewe."

Jirani akaacha kukung'uta shuka. Baba akamwambia mama taratibu kwamba amechanganya. Yeye alikuwepo pale hospitali, kwenye benchi la nje. Muuguzi alitoka akamwambia wa kwanza ni huyu anayelia, sikiliza. Naye alisikia. Nani asingesikia, sauti ilifika mpaka kwenye maegesho. Miaka thelathini na moja amekuwa akijua mkubwa ni Kelele, na leo anaambiwa nini.

Mama aliweka mkoba wake juu ya paa la gari. Alipoanza kusema alimtazama baba peke yake.

"Wa kwanza alikuwa Kimya," akasema. "Alitoka hakulia. Wakampeleka pembeni, wakamwinamia watu wawili, mimi nikawa naiona migongo yao tu. Ndio huyu mwingine akaja anapiga mayowe, na muuguzi wa mlangoni alimsikia huyo, akatoka kukuita. Wewe unaingia, ndio kwanza mwenzake anaanza kuvuta pumzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka. Ulikuwa umeingia unacheka, umenyoosha mikono. Nikasema nitamwambia kesho."

Baba aliketi kwenye kigoda. Hakuna aliyejua pa kutazama. Na mimi, nakiri, katikati ya jambo zito kama lile, nilikuwa nafikiria kitanda cha dirishani. Nilifikiria maji ya kuoga ya moto niliyotumia mimi kwanza na ya uvuguvugu aliyoachiwa yeye. Nilifikiria kwamba nimekuwa nikimtuma dukani dada yangu mkubwa kwa miaka ishirini na sita. Mnunuzi wa vyuma chakavu alinisogelea, akanipa pole kwa cheo.

Kaka ndiye wa kwanza kurudi kwenye ajenda. Alisema basi, kosa limejulikana, waya wa pili na wa tatu zibadilishane. Nikaingiza mkono, mama akanipiga kofi mkononi. Alisema kwamba amenyamaza miaka yote hiyo na leo amemweka mtoto mahali pake, na hamwondoi. Baba akamweleza kwamba injini haijui mambo ya uzazi. Mama akasema injini imejua kuchafua shuka la watu, itajua na hilo. Nikaona tunaelekea saa sita, na gari la baba linakwenda kufa kwa sababu yangu mimi na Kimya.

Baba akanyanyuka, mkono kiunoni. Alichomoa nyaya mbili za katikati. Akafungua vikaratasi vyake viwili, akavibadilisha, kile chenye jina la Kimya akakifunga kwenye waya uliokuwa wangu na changu akakifunga kwenye waya wa Kimya, akakaza mafundo. Halafu akamkabidhi mama nyaya zenyewe.

"Nyaya zilikuwa sawa," akasema. "Niliyakosea majina. Zichomeke sasa, mama watoto, kama walivyozaliwa."

Mama akazichomeka. Kaka, Kimya, Kelele, Kitinda. Mikono ya baba ikawa inamwelekeza bila kugusa.

Ufunguo ulipogeuzwa hapakuwa na mshindo. Injini ilishika mara moja, ikatulia, ikaanza kuunguruma kwa sauti moja laini ambayo sikuwahi kujua gari lile linayo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, akasema kwa masikitiko kwamba hiyo ni injini nzima. Saa sita kamili mama akaingia, akafunga mlango, na wakaondoka. Makubaliano yalikuwa wapande mpaka kileleni na kurudi kutuonyesha kwanza, ndipo waende kwa mama mdogo. Kwenda na kurudi ni nusu saa. Kutoka getini tuliliona gari likipanda, likipanda, halafu likaingia nyuma ya nyumba za juu.

Nusu saa ikapita. Robo saa nyingine ikapita. Kaka akatazama saa yake, akaenda kwenye lori, akarudi na kamba ya kuvutia. Hakuonekana kufurahi, hilo nimpe. Mimi kwa kuwa nilihitaji kumkasirikia mtu, nikampigia simu Kimya, anayeishi mji mwingine. Nilimweleza yote bila kupumua, plagi, moshi, hospitali, mayowe. Nilimwambia ajiandae kwa mshtuko, kwa sababu yeye ndiye mkubwa.

"Najua," akasema Kimya. "Mama aliniambia nikiwa darasa la tano."

Nikamuuliza kwa nini basi alininyamazia muda wote huo, nikimtuma huku na huku kama mtu asiye na akili. Akasema nilikuwa naupenda sana ukubwa wangu na yeye hakuwa na kazi nao. Kisha akaniuliza kama bado niko karibu na duka, maana kuna kitu angependa kunituma. Nilikata simu.

Saa moja na dakika kumi zilikuwa zimepita tangu waondoke. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishawasha lori, na Kaka ameweka kamba begani, ndipo tuliposikia gari. Lilishuka taratibu, likaingia uwanjani, likasimama likiwa linaunguruma vilevile, bila kikohozi. Baba alibaki kwenye usukani. Macho yake yalikuwa mekundu, na alitazama mbele. Mama ndiye aliyeshusha kioo.

"Imezimikia wapi?" Kaka akauliza.

"Haikuzima," mama akasema. "Aliizima baba yenu mwenyewe, kule juu, anisikie vizuri. Kaniambia nianze mwanzo, nisiruke kitu."

"Basi shukeni mpumzike."

"Tumerudi kwa sababu aliahidi atarudi. Bado sijamaliza. Nimefika pale walipofunga mlango wa chumba cha uzazi, yeye akabaki nje." Akapandisha kioo nusu, akakumbuka, akakishusha tena. "Mwambieni mama mdogo wenu tutachelewa."

Baba akarudisha gari nyuma, akaligeuza kuelekea njiani. Kaka alisimama pale na kamba yake muda kidogo. Halafu akaitupa chini, akakimbia mbele yao kuwafungulia geti.